Kuomba Njia Sörmland

Binti yetu alitupa zawadi ya kutuaga, na mimi ndiye niliyekuwa sijamwambia mtu kwamba siondoki.

Zawadi yenyewe ilikuwa karatasi ngumu yenye picha ya nyumba nyekundu na bendera. Usiku tatu katika nyumba tatu za wageni za mashambani huko Sörmland, kusini mwa Stockholm, zile nyumba za zamani ambazo chini ni baa na mgahawa na juu ni vyumba vya kulala. Alituletea karatasi hiyo jikoni kwetu Fittja, mtaa wa pembeni mwa jiji hilo. Akatuambia kwa Kiswidi, maana Kiswahili chetu anakisikia ila hajibu kwacho, kwamba ni aibu mtu kukaa nchi ya watu miaka ishirini na saba halafu arudi kwao bila kuiona. Baba yake akamshukuru, akaiweka karatasi ndani ya Biblia. Mimi nikasema chai inapoa.

Mambo yalikuwa hivi. Mume wangu alikuwa amestaafu udereva wa basi. Nyumba yake ya Rumonge, juu kidogo ya ziwa Tanganyika, ilikuwa imeshapata bati, madirisha na mlinzi. Kanisa lilikuwa limepanga ibada ya kutuaga, na akina mama wa kwaya walishaanza kuulizana nani atachukua sufuria zangu kubwa. Jumatatu baada ya safari hiyo angenunua tiketi mbili. Kila mtu alijua ni mbili. Hakuna aliyeniuliza, hata yeye. Alisema tu "tutakaporudi", akalisema kwa miaka mingi, nami miaka yote hiyo nikaitikia amina bila kusikiliza sala.

Nilikuwa nimekata kauli kwamba siendi. Nimehama mara tatu maishani na mara zote tatu hakuna aliyetaka kujua nasemaje. Mara ya kwanza nilitolewa Buyenzi, mtaa wetu wa Bujumbura, nikiwa mgongoni mwa shangazi. Mara ya pili nilitoka Buyenzi hiyohiyo, tuliyokuwa tumeirudia, nikiwa mtu mzima, godoro kichwani. Mara ya tatu nilitoka kambini Kigoma kwa ndege, nikiwa nimekumbatia mfuko mweupe wa plastiki wenye karatasi zetu, na nikaambiwa nchi ninayokwenda jina lake ni Sweden. Mtu aliyehamishwa hivyo akipata mahali pa kutua hatoki kirahisi. Nina kazi yangu hospitalini Flemingsberg, wagonjwa wanaonijua kwa sauti. Nina zamu yangu kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu, Alhamisi saa moja asubuhi, niliyoishika kwa miaka kumi na tisa, na majirani wawili wanaongojea nife ili waichukue.

Kwa hiyo nilijiambia kwamba katika siku hizo tatu nitamwambia. Ndani ya gari hana pa kukimbilia, na mimi pia sina.

Tuliondoka Alhamisi ya mwezi wa tano kwa gari la binti. Mume wangu aliendesha kwa mwendo wa basi. Udereva wa miaka yote ile haumtoki mtu mguuni. Kila tulipofika kituo cha basi, hata katikati ya mashamba, alipunguza mwendo na kuchungulia kama kuna abiria. Nyuma nilikuwa nimepanga hotpoti mbili, moja ya maharage na moja ya chapati, chupa ya chai, na shuka zetu. Shuka kwa sababu mahali pekee tulipowahi kulala nje ya nyumba yetu nchini humu ni kambi za kanisa, na huko unakuja na shuka zako na unapiga deki kabla hujaondoka. Nilikuwa nimebeba na kitambaa cha deki, kwa tahadhari.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mbao, imepakwa ile rangi yao nyekundu, na ilikuwa imeinama upande mmoja. Hilo la kuinama lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi kama sifa. Nilijifunza katika safari hiyo kwamba nyumba ikiwa na sakafu iliyonyooka, bafu chumbani na mlango unaofunga, huko mashambani inaitwa ya kawaida. Ukitaka ya heshima upewe chumba ambacho yai likianguka linabiringika mpaka ukutani, na choo kiwe mwisho wa ukumbi. Nimeishi katika nyumba za namna hiyo utotoni bure kabisa, na hakuna aliyeniambia nilikuwa na bahati.

Ili kufika chumbani lazima upite baa. Mume wangu ni mzee wa kanisa, na kanisa letu halitanii na pombe. Alisimama mlangoni na begi mkononi, akaangalia wanaume kama wanane waliokuwa wamekaa na bia zao wakitazama mpira wa magongo wa kwenye barafu kwenye televisheni. Nikaona anafikiri. Mzee wa kanisa hawezi kuonekana amepita baa. Lakini anaweza kuonekana amekwenda kuwatembelea watu walioko baa. Basi akaenda meza kwa meza akawasalimu wote kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, akiwauliza habari za nyumbani. Wanaume wale walisimama. Mmoja alizima sauti ya televisheni, nadhani alidhani kuna msiba.

Kisha akamtoa mwenye nyumba pembeni, mwanamume mwenye ndevu na aproni, akampa kwa mikono miwili mfuko wa kahawa kutoka kwetu Burundi. Hatuendi kulala kwa mtu mikono mitupu. Mwenye nyumba aliugeuza mfuko, akaunusa, akasema kwa upole kwamba ni kahawa nzuri sana, ila wao wana mtu wao anayewaletea kahawa na mkataba unaendelea mpaka mwakani.

Tulikula maharage yetu kitandani, dirisha wazi kwa ajili ya harufu, makoti mabegani. Vitanda vilikuwa vimeshatandikwa, shuka nyeupe zimenyooshwa mpaka zinametameta. Nikaziondoa, nikazikunja vizuri kitini, nikatandika zetu. Nilikuwa nimepanga kuzungumza baada ya kula. Lakini mume wangu alikuwa amefurahi, anasifu shingo zangu za chapati, yaani zile kingo zinazobaki ngumu ambazo hakuna mwingine duniani anayezipenda, na mimi nikaona si vizuri kumharibia mtu chakula. Nikasema kesho.

Kesho yake asubuhi tulikuta chini hakuna mtu. Mezani palikuwa na kifungua kinywa na kikaratasi: asanteni kwa kulala kwetu, tumbukizeni ufunguo kwenye kisanduku. Mimi nikautumbukiza. Nilikuwa nimeshatoka na begi nilipoona mume wangu amerudi ndani, amekaa kwenye kiti cha karibu na mlango, kofia magotini.

"Tunangoja nini?" nikamuuliza.

"Tunangoja mwenye nyumba."

"Tumeshalipiwa. Ufunguo nimerudisha."

"Tumelala kwa mtu," akasema. "Sasa tutoke kama wezi?"

Hapa lazima nieleze. Mume wangu ni mtu wa milimani, wa Muramvya. Sisi wa Buyenzi, mgeni akitaka kwenda anasema haya jamani, anatafuta viatu vyake. Milimani huendi hivyo. Unaomba njia. Unasogea ukingoni mwa kiti, unaweka mikono magotini, unamwambia mwenyeji kwamba unaomba njia, naye anakukatalia. Anasema ndiyo kwanza umefika, anasema jua bado liko juu, anakuletea kikombe kingine, wanachokiita cha kung'olea mkuki, kwa sababu zamani mgeni alichomeka mkuki wake uani. Unakunywa, unaomba tena. Hapo ndipo unapewa njia, na mwenyeji anakusindikiza. Kwao mwenyeji anayekupa njia mara ya kwanza ulipoiomba amekuambia kwa mdomo wake kwamba alikuwa anahesabu saa. Heri angekufukuza kwa fimbo. Wakati wa uchumba wetu kambini nilimchukia sana kwa jambo hili. Kutoka kwenye hema la mtu hadi hema lingine ilituchukua nusu ya siku.

Tulikaa pale kwa muda wa saa mbili kasoro kidogo. Mwenye nyumba alirudi na magunia ya viazi akatukuta tumekaa wima karibu na mlango, makoti mwilini. Rangi ikamtoka.

"Kuna tatizo?" akauliza kwa Kiswidi. "Ni kitanda? Ni yale mabomba?"

"Hapana," akasema mume wangu. "Tulilala vizuri. Sasa tungependa kuondoka."

"Lakini mnaweza kuondoka."

"Asante," akasema mume wangu, akaendelea kukaa.

Mwenye nyumba akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia picha ya mfalme fulani ukutani. Mtu wa watu akaingia jikoni, akatoka na chupa ya jamu aliyoitengeneza mwenyewe, akatupa, akatuomba kwa sauti ya chini kama kuna jambo lolote tumwambie yeye kwanza kabla hatujaliandika kwenye mtandao. Mume wangu akaipokea jamu kwa mikono miwili, akasimama, ameridhika kabisa. Alikuwa amepata kikombe chake cha kung'olea mkuki, hata kama kilikuwa cha kupaka mkate.

Garini nilicheka mpaka nikajifuta macho kwa kitambaa cha deki.

"Ulitaka akupigie magoti, mzee?"

"Nilitaka ajue tumeondoka," akasema. "Mtu akilala kwako ukaamka humkuti, si vizuri."

Nikafikiri, haya, sema sasa. Lakini alikuwa amepunguza mwendo kwenye kituo cha basi ambako bibi mmoja alikuwa amesimama na mbwa, na bibi akapunga mkono, na yeye akapunga, na ujasiri wangu ukashuka kwenye kituo hicho.

Nyumba ya pili haikuwa na mtu kabisa. Tulitumiwa namba za siri kwenye simu. Unazibonyeza mlangoni, mlango unafunguka, chumba chako kina jina la ndege. Baa ya chini ilikuwa imefungwa na viti vimepandishwa juu ya meza. Kulikuwa na tangazo kwamba itafunguliwa katikati ya mwezi wa sita, watalii wakija. Sisi hatukuhesabiwa.

Mchana huo tulitembea kando ya ziwa lao. Lilikuwa zuri, siwezi kusema uongo. Miti ilikuwa ndiyo kwanza inatoa majani, na hapakuwa na mtu hata mmoja. Mume wangu alitembea mikono nyuma, akilikagua lile ziwa kama anayetaka kulinunua. Mwishowe akasema ni dogo.

"Jiko nimelielekeza ziwani," akasema. Alikuwa sasa anazungumzia Rumonge. "Dirisha ni pana. Ukipika unaona maji."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na sentensi yangu tayari, nilikuwa nimeisema peke yangu bafuni Fittja mara nyingi: Baba, hilo jiko ni zuri lakini si langu. Maneno machache tu. Katika kazi yangu nimewaambia watu wazima kwamba leo hatutapanda ngazi, kwamba daktari anakuja kuzungumza na familia, na sauti haikutetemeka.

"Ni pana kiasi gani?" nikauliza.

Akanionyesha kwa mikono. Akanieleza na rafu, na mahali pa kuni na mahali pa gesi, kwa sababu anajua mimi sipendi moshi. Nilimsikiliza mpaka mwisho na nikauliza maswali, na kila swali nililouliza lilikuwa uongo. Nilijichukia. Nasema hivyo wazi kwa sababu ninavyosimulia mtu anaweza kudhani nilikuwa nafurahia.

Asubuhi ya Jumamosi kifungua kinywa kilikuwa kwenye friji, kila mtu mfuko wake. Mume wangu alizunguka nyumba nzima akitafuta mtu wa kumwomba njia. Aligonga mlango wa stoo. Alipiga simu kwenye namba iliyobandikwa ukutani, akajibiwa na mashine iliyomtaka abonyeze moja kwa Kiswidi, na alipobonyeza ikamwambia ofisi imefungwa. Nikadhani ameshindwa.

Lakini kwenye meza ya mapokezi palikuwa na kitabu cha wageni. Akakaa, akavaa miwani, akaandika ukurasa mzima kwa Kiswidi chake cha barua za kazini: kwamba sisi ni fulani na fulani, tumelala katika chumba cha ndege fulani, tumekula, tumeona ziwa, na sasa, kwa heshima, tunaomba njia. Akaweka sahihi. Kisha akafunga kalamu na kubaki amekaa.

"Sasa nini tena?" nikamuuliza.

"Subiri kidogo."

Alikipa kile kitabu robo saa nzima ya kukataa. Kisha akasimama, akakiinamia kidogo, tukaondoka.

Siku hiyo sikucheka sana. Nilikuwa nimebakiwa na jioni moja na asubuhi moja, na hotpoti zilikuwa zimekwisha.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya mama mmoja mrefu, aliyenizidi umri kama miaka kumi na tano, aliyefanya kila kitu mwenyewe. Alimimina bia, alipika, alibeba kuni, alimkaripia mlevi wa kijijini kwa upendo. Mume wangu alimpenda mara moja kwa sababu alimsalimu kwa mkono na akakaza. Kahawa aliipokea akaifungua palepale, akaisaga, akatupa vikombe viwili na chake cha tatu. Alituuliza tumetoka wapi. Mume wangu, akiwa ameshajiandaa kueleza Burundi iko wapi, akasema kwanza, kwa tahadhari, Fittja.

"Mbali kweli," akasema yule mama. Kutoka hapo ni saa moja kwa gari.

Jioni tulikula mezani kama watu, chini, baa kabisa, kwa kuwa hatukuwa na njia nyingine. Tulipewa nyama ya yule mnyama wao mkubwa wa msituni mwenye pembe pana. Mume wangu aliomba baraka kwa sauti, na meza ya jirani ikaweka uma chini ikangoja mpaka amemaliza. Sikula sana. Nilikuwa nairudia sentensi yangu kichwani, na nyama ile ngumu nikaikata vipande vidogo vidogo bila kuipeleka mdomoni.

Jumapili asubuhi nikapiga moyo konde. Tulikuwa peke yetu mezani, mwenye nyumba tulimsikia jikoni akiosha vyombo. Jua lilikuwa limeingia mpaka kwenye siagi. Nilimimina chai, nikaweka chupa chini, nikavuta pumzi.

Mume wangu akanitangulia. Alisukuma sahani mbele kidogo. Akasogea ukingoni mwa kiti, akaweka mikono miwili magotini.

"Mama," akasema, "naomba njia."

"Mwenye nyumba yuko jikoni," nikamwambia. "Kamwombe yeye."

"Nakuomba wewe."

Sikuelewa, au nilijifanya sikuelewa kwa muda wa pumzi moja.

"Najua huendi," akasema. Alisema kwa Kiswahili, polepole, akiangalia mikono yake. "Nimejua tangu mwezi wa tatu, ulipopaka rangi baraza la nje pale Fittja. Mtu anayehama hapaki rangi. Nikangoja uniambie. Nikaona labda ni mimi ninayetakiwa kusema. Wewe umehamishwa vya kutosha, mimi siwezi kukuhamisha tena. Lakini mimi nikibaki hapa nitazeeka nikiangalia mabasi ya wenzangu. Kwa hiyo naomba njia niende."

Miezi yote ile nilikuwa nimebeba jambo hili peke yangu, kumbe tulikuwa wawili, kila mmoja na ncha yake. Nilitaka kulia kwa jinsi nilivyopumua. Hakunilaumu, hakutaja wachungaji, hakutaja mwanamke na mahali pake, hakuuliza watu watasema nini. Alikuwa amefanya kazi yote ngumu mwenyewe na kilichobaki kwangu kilikuwa neno moja tu.

"Sawa," nikasema.

Nilisema haraka, kwa moyo mweupe, kama ninavyowajibu wauguzi wenzangu tukibadilishana zamu. Hata nilitabasamu. Nikaongeza, "Nenda salama, baba."

Hakuna kitu kilichobadilika usoni mwake. Aliitika kwa kichwa. Akachukua kitambaa cha karatasi, akakikunja mara mbili, akakiweka kando ya sahani, akasimama kwenda kuleta mabegi. Aliposhika ngazi ndipo nilipolisikia neno langu, nikajua nimesema nini. Nimeishi na mtu wa Muramvya miaka thelathini. Nimemcheka, nimemngoja milangoni, nimemwigiza mbele ya marafiki zangu wa kwaya. Najua inavyokwenda kuliko yeye mwenyewe.

Alishuka na mabegi. Mimi nikawa nimesimama na makoti. Nilitaka kusema kitu lakini mwenye nyumba alikuwa ameshatoka jikoni akijifuta mikono, na mume wangu akamgeukia, akavua kofia, akamwambia kwa Kiswidi kwamba tunashukuru kwa kila kitu na sasa tunaomba kuondoka.

"Tayari?" akasema yule mama. "Ndiyo kwanza nimeweka kahawa nyingine, ile ile yenu. Kaeni kidogo. Mna haraka ya nini?"

Mume wangu akaweka mabegi chini. Akakaa. Alikunywa kikombe kile taratibu mpaka mwisho, na yule mama alikaa naye, wakazungumza habari za kuni na bei ya madirisha. Mimi sikukaa. Nilisimama pale na makoti mawili mkononi, na nilikuwa na wivu juu ya mwanamke mwenye miaka sabini na kitu ambaye hata hakujua amefanya nini. Alipoomba mara ya pili alipewa njia, na akasindikizwa mpaka garini, na mlango ukafungwa kwa mkono wa mwenyeji.

Njiani alipunguza mwendo vituoni kama kawaida. Tulipovuka daraja la Södertälje, pale unapoanza kuona majengo, nikasema, "Lakini kwa nini haraka? Krismasi bado. Kaa mpaka Krismasi, mjukuu wa jirani anabatizwa, na baraza tangu nilipolipaka rangi hujalikalia hata mara moja. Ni mapema mno, baba. Kaa kidogo."

Alichungulia kituo kimoja cha basi, akakipita.

"Asante," akasema. "Lakini umeshanipa njia."